Amana ya Yatima na Kompyuta Mbili

Mtu aliyewekewa amana hujaribiwa mara mbili: mara ya kwanza katika kuilinda, na mara ya pili katika kuitoa. Sisi jaribio la kwanza tulilifahamu vema. Ndugu yetu alipofariki mwaka 2014 alimwacha kijana wa miaka minane, na fungu lake la urithi lilikuwa shamba la mpunga katika bonde letu la Kilombero. Kila mavuno tuliuza, tukatoa gharama na zaka, tukaandika daftarini, na kilichobaki tukakihifadhi. Hata mwaka 2024, mafuriko yalipolifunika bonde na kuingia katika mitaa ya Ifakara, tukakosa hata gunia moja, tuliandika hivyo hivyo: hakuna.

Jaribio la pili lilitujia mwaka 2025. Kijana alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi chuoni Dar es Salaam kusomea uandishi wa programu za kompyuta. Akatuambia ya kuwa anahitaji kompyuta mpakato itakayomfaa muda wote wa masomo, kwa kuandikia programu, na pia kwa kurekodi na kuhariri sauti na video za darsa zetu za madrasa. Sisi, ambao elimu yetu ni ya chuo cha Qurani na shule ya msingi, tuliingiwa na hofu. Suratun Nisaa imetufundisha ya kuwa yatima hujaribiwa kwanza, na akionekana ana busara ya kutumia mali yake, hukabidhiwa mbele ya mashahidi. Basi tukasema moyoni: na huu uwe ndio mtihani wake.

Mwanzoni mwa Oktoba tulikwenda naye dukani hapa Ifakara. Muuzaji akaweka mezani kompyuta mbili, kila moja kwa shilingi 850,000. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, yang'aa kama kioo, ina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 128. Ya pili ilikuwa mtumba uliotumika maofisini ng'ambo, nzito, kona moja imechubuka, lakini ina RAM ya GB 16 na hifadhi ya SSD ya GB 512. Moyo wetu uliiangukia ile mpya. Tuliona ni aibu mali ya yatima kununuliwa mtumba.

Kijana hakutubishia. Alisema kwa adabu, "Baba mkubwa, unaikumbuka kompyuta ya madrasa?"

Tuliikumbuka sana. Mwaka 2021 sisi wenyewe tuliinunua, mpya ndani ya boksi, kwa michango ya wazazi. Haukupita mwaka ikawa kufungua video moja tu yatosha mtu kutawadha na kurudi. Tulipoipeleka kwa fundi, alituambia ya kuwa RAM na hifadhi yake vimechomelewa kwenye ubao, wala hapana nafasi ya kuongeza. Sasa yapigia chapa barua tu.

Kijana akatueleza kwa mfano wa kazi yetu ya kilimo. Hifadhi ni ghala la mpunga, na RAM ni jamvi la kuanikia. Ghala likiwa kubwa na jamvi likawa dogo, mtu ataanika kidogo, atarudisha ghalani, atatoa tena, na jua litakuchwa kazi haijaisha. Programu za kutengenezea programu za simu za Android hudai GB 8 kwa uchache, na GB 16 akitaka kuigiza simu ndani ya kompyuta yenyewe. Video nayo yataka ghala: saa moja ya video ya simu huweza kula GB 4 mpaka 8. Muuzaji alisema ile mpya yakubali Windows 11, na kweli mfumo huo hudai GB 4 tu. Lakini kijana akajibu ya kuwa kibali cha kupita mlangoni si nguvu ya kufanya kazi ndani.

Wala asidhani msomaji ya kuwa alikubali mtumba kwa kuufumba macho. Aliuliza kwanza prosesa ni ya kizazi kipi, kwani prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, hazikubaliwi na Windows 11, na Windows 10 ilikuwa ikikoma kutunzwa tarehe 14 ya mwezi ule ule. Ilikuwa ya kizazi cha 10. Aliomba ifunguliwe chini, akaona RAM imekaa katika nafasi zake, yaweza kutolewa na kuongezwa. Alibonyeza kila herufi, akakagua kioo, spika na tundu la chaja. Betri aliikuta imebakiwa na kadiri ya sehemu saba katika kumi za nguvu zake za mwanzo. Akadai punguzo kwa ajili ya betri mpya, maana umeme kwetu hukatika, naye akapunguziwa shilingi 50,000.

Hapo muuzaji akaleta ya tatu, yenye kadi yake maalumu ya picha, kwa shilingi 2,400,000, akasema upungufu waweza kujazwa kwa mkopo wa riba, naye ana mtu wa kuutoa siku ile ile. Tuliona macho ya kijana yakitua juu yake, nasi tukanyamaza makusudi. Aliishika kitambo, kisha akairudisha. Alisema ya kuwa kadi ile ina faida kwa michezo, kwa picha za 3D na kwa video za 4K, lakini kukata darsa za kawaida hakuihitaji, na riba hataki aanze nayo maisha.

Hapo ndipo tulipojua ya kuwa mtihani umekwisha, na ya kuwa aliyekuwa karibu kushindwa ni sisi, si yeye. Tulitaka kumnunulia mng'aro, ili watu wasituseme vibaya. Yeye alichagua kwanza lisilobadilika, yaani prosesa na ubao, na kinachoweza kuongezwa akakiachia siku zijazo.

Jioni ile, baada ya sala ya Isha, tuliwaita wazee wawili na mama yake kijana, tukalifungua daftari la miaka 11 na kumkabidhi fedha zote zilizobaki. Mstari wa mwisho aliuandika mwenyewe: kompyuta, 800,000.

Enyi wazazi na walezi, msione haya kumwuliza kijana wenu juu ya jambo mlilokuwa hamkulisoma. Mwulizeni kazi atakayoifanya, na mwulizeni ni kipi kitakachoweza kuongezwa baadaye na kipi hakitaweza. Akijibu kwa utulivu, mpeni mali yake. Nanyi vijana, jueni ya kuwa mzee anayeshikilia mkoba wakati mwingine haushikilii kwa ubahili. Angoja kuona mkono utakaoupokea. Wabillahi tawfiki.