Nungunungu wa bahari kwenye tangi la matumbawe: ndio au hapana?

Tangu niseme kwenye kipindi kwamba nafuga matumbawe sebuleni, swali linalorudi ni lile lile: nungunungu wa bahari, yule mweusi wa miiba aliyekuchoma mguu ulipopelekwa Mombasa likizo, anaweza kukaa na matumbawe bila kuyala? Jibu langu: wengi wao, ndio. Ila inategemea ni yupi, na umempa nini cha kula.

Kwetu halikuwa swali la kujifurahisha. Tangi letu hapa Leicester ni la lita 200, na mwaka jana lilivamiwa na mwani, ule wa kijani unaofanana na nywele. Ulianza kwenye mawe, ukapanda hadi kwenye matumbawe yenyewe. Tumbawe likifunikwa halipati mwanga, linakufa kidogo kidogo. Halafu yupo Baba. Amehamia kwetu, amekulia Shimoni, na kila asubuhi anakunywa chai mbele ya lile tangi. Ndiyo bahari aliyobaki nayo. Sikutaka aione ikifa.

Nikamwambia nataka kuleta nungunungu. Akacheka. "Mwanangu, hao wanatafuna mwamba."

Na hakukosea. Pwani ya Kenya, watafiti kama Tim McClanahan wameonyesha kwa miaka mingi kwamba samaki wanaowala nungunungu wakivuliwa kupita kiasi, hasa kikande, nungunungu huzidi mno na kukwangua mwamba kuliko unavyoweza kujijenga. Anayetajwa sana ni Echinometra mathaei, mdogo tu, lakini anachimba jiwe kwa meno yake matano. Baba hajasoma utafiti wowote, ila kikande anamjua vizuri. "Humpindua, akamla kwa chini, kule miiba ni mifupi."

Basi na mimi nikamletea habari za Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia Panama, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi uliua zaidi ya asilimia 90 ya nungunungu weusi wa miiba mirefu, Diadema antillarum. Jamaica ndiyo ilikiona cha moto. Samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa sana, na kimbunga Allen cha 1980 kilikuwa kimeshavunja matumbawe mengi. Nungunungu walipoondoka, mwani ukatawala. Matumbawe hai, yaliyokuwa yamefunika kama asilimia 50 ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, yakashuka chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yaani wakizidi wanabomoa, na wakiisha mwani unameza kila kitu. Baba akanyamaza, akamalizia chai, akasema: "Mmoja, basi."

Sasa mmoja yupi? Wale weusi wa miiba mirefu wanafanya kazi nzuri sana, hasa usiku, lakini miiba inaweza kupita sentimita 20 na ina sumu. Kwa tangi ambalo mkono wako unaingia kila wiki, mi sishauri. Wale wenye miiba minene kama penseli siwaamini kabisa: wanakula mwani na vilevile wanyama waliokaa mahali pamoja, na tumbawe ni mnyama aliyekaa mahali pamoja. Nilichukua Mespilia globulus, wa duara, mwenye mistari ya buluu na miiba mifupi. Huyo anajulikana kuwa mpole kwa matumbawe.

Mpole, lakini si mstaarabu. Anapita popote kama katapila. Kipande cha tumbawe kisichogundishwa atakiangusha, na kikianguka kifudifudi kwenye mchanga, hesabu hasara. Pia anapenda kujitwika vitu mgongoni: makombe, vijiwe, hata kipande cha tumbawe kilicho hai. Kwa hiyo kabla hajaja, tulikaa Jumapili nzima na gundi, Baba akishika mimi nikibandika. (Ana mikono inayotulia kuliko yangu, na ana miaka 71.) Atakwangua pia ule mwani mgumu wa zambarau unaopendezesha mawe. Huo utauona ukiondoka kwa mistari mistari, na hakuna namna ya kumkataza.

Kitu kinachowaua wengi ni njaa. Wanamaliza mwani, tangi linang'aa, mwenye tangi anafurahi, na nungunungu anakonda ndani ya gamba lake bila mtu kujua. Mpe mwani mkavu, hata ule wa kufungia sushi usiotiwa chumvi wala mafuta. Ukiona anaangusha miiba, pima maji upesi: chumvi ikibadilika ghafla hastahimili, na dawa yenye shaba inamuua kabisa.

Wetu ana miezi mitano sasa. Matumbawe mawili yalikuwa yameshakwenda kabla hajafika; yaliyobaki yanafunguka. Wiki hii amejitwika ganda la konokono na kipande cha mwani wake wa chakula, na Baba amempa jina: Mchukuzi.