Vali Inayosubiri Mwendo Upungue

Kazi iliingia kwa WhatsApp saa nne usiku: maneno 800, Kiswahili, kuhusu vali za ndani ya diski zinazopima damu. Nilijibu "sawa" kabla sijaelewa ninachoambiwa. Kodi ilikuwa imebakisha siku tatu.

Diski yenyewe ukiiona utadhani ni CD ya nyimbo za zamani, ila ndani imechongwa vijia vyembamba na vyumba vidogo. Unaweka tone la damu karibu na katikati, mota inaizungusha, na kila kitu kinasukumwa kuelekea ukingoni. Seli nzito zinaenda nje, plazima inabaki upande wa ndani. Hapo nilikuwa nyumbani. Mwaka wa pili, kozi ya maabara ya tiba, tulitenganisha damu hivyo hivyo kwa mirija, na mashine ilinguruma kama blenda.

Kilichonishinda ni hiki: nani anaiambia plazima isubiri kwanza, halafu ipite? Ndani ya diski hakuna waya wala kifuniko kinachosogea. Kazi yote inafanywa na umbo la kijia. Kuna aina ambapo kijia chembamba kinapanuka ghafla. Maji yakifika pale yanakwama, kama tone linaloning'inia kwenye mdomo wa bomba na kukataa kuanguka. Ongeza kasi, msukumo unashinda, yanapenya. Hiyo niliielewa haraka. Ukiishi Nairobi, hiyo unaijua: sukuma tu, utapita.

Aina ya pili, saifoni, ilinikalisha macho hadi saa nane. Kijia kinatoka chumbani, kinapanda kurudi upande wa katikati, kinapinda, kisha kinateremka kuelekea ukingoni. Diski ikienda mbio, maji hayawezi kufika kwenye ule mpindo. Mzunguko unayarudisha chini. Mwendo ukipungua, kuta za kijia, ambazo zimetengenezwa zipendane na maji, zinayavuta polepole mpaka yanavuka. Diski ikizungushwa tena, chumba kinamwagika.

Sikuamini. Nikachovya ncha ya kitambaa kwenye kikombe cha maji, ncha nyingine nikaining'iniza nje, chini kabisa. Nikangoja. Kweli, maji yalipanda, yakavuka ukingo, yakaanza kudondoka.

Asubuhi Mama akanitumia picha ya majibu yake ya damu. Kwenye mstari wa kreatinini kulikuwa na herufi H. Akaandika: "Wewe ndiye mtu wetu wa maabara. Hii H ni ya nini?"

Mama hakujua kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Miaka miwili nilikuwa mbioni kila akipiga simu: niko klasi, niko kwa mtihani, nitakupigia. Nikipunguza mwendo kidogo tu, ningesema.

H ni kwamba kiwango kiko juu. Hilo nalijua. Lakini kwa figo za mama mwenye presha, juu hiyo ni mbaya kiasi gani? Ningeweza kutafuta kwa simu nimjibu kwa sauti ya mtaalamu. Nilishafanya hivyo mara kadhaa, na aliniamini. Nilikaa kitandani, laptopu imefungwa, nikampigia.

"Mama, H inaonyesha iko juu. Zaidi ya hapo nitakudanganya. Rudi kwa daktari leo." Halafu, kabla hajajibu: "Na mimi siko chuo. Niliacha. Miaka miwili sasa."

Nilisikia redio yake kwa mbali.

"Na hii pesa nimekuwa nikiweka kwa chama ya mahafali yako?"

Sikuwa na jibu.

"Basi itanipeleka hospitali," akasema, akakata.

Makala niliituma saa saba mchana, saifoni ikiwa na aya zake mbili. Jioni Mama akaandika: daktari ameagiza kipimo kingine, Alhamisi saa mbili. Chini yake ujumbe mwingine, mfupi: "Kuja tuende wote. Usiniambie uko klasi."