Safari ya Kwenda Ifo

Msomaji mpenzi, huenda nawe umepata kulichora jangwa la Sahara katika daftari lako la jiografia: mchanga wa manjano, ngamia watatu, na mtende mmoja peke yake. Picha hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mwezi wa Januari, mwaka wa 2012, nilipopata barua ya kuniita kwenda kufundisha Ifo, katika wilaya za kaskazini mashariki ya Kenya. Nilikuwa na umri wa miaka 22, nimetoka chuo cha ualimu miezi michache tu iliyopita. Mama yangu alilia. Mimi sikulia, maana kazi ilikuwa adimu; lakini nilitia sandukuni dawa za homa za kutosha kijiji kizima.

Nilipanda basi Mombasa alfajiri. Tukapita Malindi na Garsen, kisha tukashika njia ya Hola kuelekea kaskazini. Mkono wetu wa kulia, nyuma ya miti, ulikuwapo Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Mto huo huanzia katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukakata nchi kavu, ukaingia Bahari ya Hindi. Kutwa nzima tulikwenda sambamba nao, wala mimi sikuuona. Ilipofika magharibi, basi lilivuka daraja na kuingia Garissa, nami nilikuwa nimelala, kichwa kikigonga kioo. Tafadhali likumbuke jambo hili la usingizi, kwa kuwa nitalirudia.

Asubuhi niliwaona korongo wakubwa wa mji ule, wamesimama juu ya migunga kama mahakimu wenye vipara. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni mwendo wa kilomita 100 hivi, lakini siku zile hapakuwa na gari lililothubutu kwenda peke yake. Mwezi wa Oktoba, mwaka wa 2011, wafanyakazi wawili wa misaada walikuwa wametekwa nyara kambini, na mwezi huo huo majeshi ya Kenya yakavuka mpaka kuingia Somalia. Basi tukaenda kwa msafara, askari wametangulia mbele, sisi tukiyala mavumbi yao.

Nilitafuta Sahara dirishani nisiione. Badala ya mchanga wa manjano palikuwa na udongo mwekundu. Badala ya utupu palikuwa na vichaka vya miiba, vichuguu virefu kuliko mtu, na twiga waliotutazama kwa dharau. Kando yangu aliketi mzee wa Kisomali mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alinikaribisha maziwa ya ngamia katika kikombe cha bati.

“Kunywa, mwalimu.”

“Umejuaje, mzee, kuwa mimi ni mwalimu?”

“Umeshika kitabu, na unaogopa,” akasema.

Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi, kwa sababu vyombo vyake husafishwa kwa kufukizwa. Mara ya kwanza yalinishinda, leo nayatamani.

Tulipofika, sikukuta kijiji cha jangwani, bali mji. Ifo ilianzishwa mwaka wa 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na watu wa Somalia wakakimbia vita. Mwaka uliofuata zikaongezwa Hagadera na Dagahaley. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Nilipofika mimi, baada ya ukame na njaa ya mwaka wa 2011, walikuwa wamezidi 400,000. Palikuwa na soko lenye maduka ya nguo, mahoteli ya chai, na mafundi wa redio. Palikuwa na vibanda vya duara vya fito zilizopindwa na kufunikwa vitambaa na maturubali, na mikokoteni ya punda ikibeba kuni. Maji yalivutwa kwa mitambo kutoka visima virefu, na madumu ya manjano yalipangwa mstari mrefu kungoja zamu, wenye madumu wakiwa wamekaa kivulini. Ukitaka kuona sheria ikiheshimiwa bila askari, tazama mstari ule.

Nilipewa darasa la saba, wanafunzi 124 katika chumba kimoja. Waliniita macallin, neno la Kisomali ambalo limetoka katika Kiarabu kama lilivyotoka neno letu mwalimu. Kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya “p”, pwani yangu ikawa “bwani”, nami nikazoea. Siku ya tatu niliandika ubaoni kichwa cha insha ambacho kila mwalimu wa Kiswahili hukiandika akikosa kingine: “Safari Niliyoisafiri.”

Kijana mmoja wa karibu na dirisha hakuandika neno.

“Mwalimu, mimi sina safari.”

“Kila mtu ana safari,” nikamjibu, kwa haraka ya walimu wapya.

“Mimi nilizaliwa hapa. Nimefika Hagadera. Nimefika Dagahaley. Basi.”

Nilikuwa nimesahau, au niseme kweli, sikuwa nimefikiri, kwamba mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila hati ya ruhusa, na hati hiyo haikupatikana kwa urahisi. Nilimwambia abuni. Akauliza atabunije jambo ambalo hajaliona mfano wake. Kisha akasema, “Wewe umevuka Tana. Mto ukoje? Maji yake yana rangi gani?”

Darasa zima lilinyamaza kunisikiliza. Ningeweza kusema nililala. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mwalimu, kwamba maji ya Tana ni ya samawati kama bahari.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasimama. Aliwahi kumsindikiza mama yake hospitalini Garissa. “Si kweli, mwalimu,” akasema kwa adabu. “Ni kama chai ya maziwa.”

Hawakunicheka, na afadhali wangenicheka. Yule kijana aligeuza uso, akatazama nje.

Likizo ya Aprili ilipofika, nilishuka garini Garissa kabla ya daraja, nikavuka kwa miguu nikihesabu hatua zangu. Nilipokaribia katikati, askari mmoja akaniuliza nahesabu nini, na katika kumjibu hesabu ikanipotea. Nikateremka ukingoni nikachota maji chupa moja. Naam, yalikuwa chai ya maziwa tupu.

Muhula ulipoanza nilisimama mbele ya darasa nikaungama kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa nimelala, na ya kwamba hata upana wa mto siujui, kwa sababu ya askari. Hapo ndipo walipocheka. Nikatoa chupa. Ole wangu! Matope yalikuwa yametua chini, na maji ya juu yalikuwa meupe kama ya bomba. Walinitazama tena kwa mashaka.

Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zitafungwa, na Februari, mwaka wa 2017, Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo, Ifo ingalipo. Mimi niliondoka zamani, wala sijui yule kijana alipo leo. Lakini asubuhi ile alikuja mbele, akaichukua chupa mkononi mwangu, akaitikisa kwa nguvu mpaka maji yakageuka rangi. Akampelekea yule msichana wa nyuma. Msichana akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Kijana akairudisha mezani pangu, akakaa mahali pake, akaomba kalamu kwa mwenziwe.