USIKU WA MANANE TANDALE: Studio ya godoro na wimbo wa mama

Kama unakaa zile sehemu ambazo saa tatu usiku kimya kimetanda kama makaburini, leo nakupeleka uswazi. Shuka kituo cha mwendokasi cha Manzese, katiza vichochoro kwa miguu mpaka Tandale, kule sokoni kwenye magunia ya mchele na maharage. Huu ndio mtaa aliokulia Diamond Platnumz, kwa hiyo usishangae kila kijana unayepishana naye ananong'ona mistari.

Mchizi wangu mmoja amepanga chumba pale. Mchana chumba, usiku studio. Mali yake ni kompyuta ya mtumba, maiki moja, hedifoni na godoro la tano kwa sita. Wakati wa kazi godoro halilaliwi ng'o! Linasimamishwa ukutani ili sauti isigonge ukuta na kurudi, ukasikika kama unaimba bafuni.

Jumanne ile nilimpeleka dada mmoja jirani yetu. Si msanii. Alhamisi yake alikuwa apande ndege kwenda Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Mwanawe wa miaka minne anabaki kwa bibi. Mtoto huyo tangu azaliwe hulala kwa wimbo mmoja tu, aliotunga mama yake mwenyewe. Dada alishatoa elfu hamsini kwa studio moja mjini, wakampiga kalenda mpaka siku zikamwishia.

Tulifika saa mbili usiku, yeye kambeba mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama," tukamwamkia mama mwenye nyumba.

"Marahaba wanangu. Msije mkanipigia makelele humu."

Makelele? Tulioonewa ni sisi! Nje bodaboda, muuza kahawa anagonga vikombe, jirani kafungulia redio huku anakaanga chipsi. Maiki haichagui jamani, inameza vyote. Tukasubiri.

Kwa wasiojua, mambo yanakwenda hivi. Biti inapigwa na kompyuta, mwimbaji anaisikia kwenye hedifoni peke yake. Ukiifungulia spika imekula kwako, kwa sababu biti itaingia tena kwenye maiki na ni kazi ngumu kuitenganisha na sauti. Mdomo unakaa kama shibiri moja kutoka kwenye maiki. Katikati unaweka soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye waya, ili ukitamka "p" na "b" pumzi isipige kama ngumi. Feni nayo inazimwa. Feni, Dar, mwezi wa pili! Tulilowa jasho utadhani tumetoka kubeba zege.

Na kuimba juu ya biti hakukuanza leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alivuma kwa kuichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice na kuipa maneno ya Kiswahili. Tofauti ni kwamba siku hizi biti yenyewe inapikwa chumbani. Ya dada huyu mchizi aliipika mwenyewe, gitaa taratibu na ngoma kwa mbali.

Saa nane usiku mtaa ukanyamaza. Mara ya kwanza dada alitetemeka. Mara ya pili akapaza sauti mpaka taa nyekundu ikawaka kwenye kompyuta, sauti ikapasuka.

"Dada, achana na maiki," mchizi akamwambia. "Mwimbie mtoto."

Mtoto alikuwa amelala mkekani. Tukaishusha maiki, mama akakaa chini kando yake, akaimba taratibu kama anavyoimba siku zote. Mimi nilijifanya nafuta jasho, lakini wasomaji wangu, halikuwa jasho peke yake.

Wimbo ulipofika mwisho, mtoto akageuka, akasema kwa usingizi, "Mama." Maiki ikalinasa.

"Niikate hiyo?" mchizi akauliza.

"Kaka, ukiikata tutakosana," dada akajibu. "Wimbo ni wa kwake. Hilo neno ni la kwangu, nakwenda nalo."

Akawekewa kwenye simu yake, na nakala nyingine kwenye simu ya bibi. Mchizi alikataa hela, akapokea nauli ya bodaboda ya kumrudisha mama na mwana nyumbani, basi.

Bibi kanieleza kuwa Alhamisi usiku mtoto aligoma kulala, akawa anaigeuzageuza simu akimtafuta mama ndani yake. Ijumaa alilala kabla wimbo haujaisha.

Studio za viyoyozi na vioo zina raha yake, sikatai. Lakini kama una la kusema na mfuko umetoboka, usikate tamaa. Simamisha godoro, zima feni, ngoja saa nane. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo!