Walihesabu Vyoo, Si Redio

Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilipomalizika mwaka 1973, watathmini hawakwenda vijijini kuuliza kuna redio ngapi. Waliingia uani. Kabla ya vipindi kuanza walikuwa wameshapita katika nyumba za vijiji walivyovichagua, wakaandika nani ana choo na wapi maji yametuama yakazaa mbu. Vipindi vilipokwisha wakarudi kutazama kilichobadilika. Karibu watu milioni mbili walikuwa wamekaa katika vikundi kuisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, na viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa kuviongoza vikundi hivyo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoisimamia kazi ile, ilipima shimo lililochimbwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule Gairo. Wilaya tumeipata juzijuzi tu, mwaka 2012. Siku zile tulikuwa pembe ya Kilosa, na jambo lolote la elimu lilitufikia kwa kupitia Dumila, kwa gari lililopatikana siku lilipopatikana. Redio ya kikundi chetu ilihifadhiwa nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza: kiongozi alifungua kitabu cha kampeni, akasoma, watu wakabishana, na kabla hawajatawanyika ilikuwa imeshajulikana Jumamosi wanachimba kwa nani. Sisi watoto tulikatazwa kusema, lakini hatukukatazwa kusikiliza.

Miaka michache baadaye chombo kile kile kilitumika kutengeneza walimu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie darasani, na walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, kwa masomo yaliyoletwa kwa posta, vipindi vya redio, na wakufunzi waliowafuata walikokuwa. Wapatao 45,000 waliingia katika mpango huo. Watu waliwabeza walimu hao wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na kweli wako waliokuwa hawaiwezi kazi. Aliyenifundisha mimi hesabu alikuwa mmoja wao, na aliiweza. Kila alipotoka kumwona mkufunzi wake alirudi na jambo la kujaribu kwetu: vizibo vya soda, vijiti vya mtama vilivyofungwa kumikumi. Alitujaribia, akaona palipokwama, akajaribu tena.

Nilipoanza kufundisha, miaka ya themanini, mitambo yetu ilikuwa ubao, chaki, manila na mashine ya kudurufu iliyochafua mikono kwa wino. Stensili ikipasuka, mtihani uliandikwa ubaoni. Wakaguzi tuliwaogopa, na wengine walistahili kuogopwa, maana walikuja kutafuta kosa. Nakumbuka hata hivyo kwamba mkaguzi mzuri alikaa nyuma ya darasa kipindi kizima. Alilinganisha azimio la kazi na andalio la somo, kisha akainuka na kufungua madaftari ya watoto, akianza na dawati la mwisho. Zana nzuri uliyoichora usiku kucha aliitazama mara moja tu. Muda wake wote ulikwisha kwenye madaftari.

Kwa Tanzania Bara televisheni ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, yapata miaka ishirini baada ya Zanzibar. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ilitoa sera ya TEHAMA katika elimu ya msingi, na wakati huohuo ukaja mradi wa Elimu kwa Teknolojia, uliopeleka masomo ya video ya hesabu na sayansi katika shule za msingi 150. Mwalimu alipakua somo kwa simu, akaunganisha simu na televisheni, akafuata mwongozo. Nilipousikia niliupenda mara moja, kwa kuwa kila video ilikuwa na andalio lake la somo na waliouendesha waliwapima watoto. Miradi ya namna hiyo ina tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika shule hubaki na televisheni.

Halafu vikaja vishikwambi. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na kazi ilipokwisha vikagawiwa walimu. Nilikuwa naelekea kustaafu, na nilifurahi kwa moyo wote. Fikiria mwalimu wa Nongwe au Chakwale, ambako mvua ikishika barabara haipitiki, ameshika mkononi Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania yenye vitabu vyote vya kiada! Sisi tuligawana kitabu kimoja watoto sita.

Kinachonisikitisha ni maswali tunayoyauliza baada ya hapo. Katika shule nilizopita tangu nistaafu, fomu ya tathmini huwa ndiyo hii: vifaa vingapi vimepokelewa, vingapi vizima, vingapi vibovu, namba ya kila kimoja, saini. Ni maswali ya mtunza stoo. Mali ya umma lazima itunzwe, silipingi hilo, lakini shule hujifunza kukitunza kile inachoulizwa. Ndiyo maana nimekuta vishikwambi kabatini, kufuli juu yake, kwa sababu mwalimu anaogopa kuvilipa vikivunjika. Nimekuta kompyuta ya mezani imefunikwa kitambaa cha kudarizi, safi kabisa, na hakuna aliyekumbuka iliwashwa lini. Kifaa kinachotumika kila siku hutumika kutuma takwimu, kwa bando la mwalimu mwenyewe.

Namna nyingine ya kutathmini haihitaji mtaalamu wa kompyuta. Ingeanza na kipindi kimoja. Wiki hii kifaa kiliingia darasa gani, katika somo lipi? Nani alikishika, na waliokaa nyuma walifanya nini muda huo? Madaftari yao yanaonyesha nini leo ambacho wiki iliyopita hakikuwapo? Je, jambo lile lingefundishika vilevile kwa ubao? Likifundishika vilevile, basi chaji ingetunzwa kwa ajili ya lile lisilofundishika. Wathibiti ubora wa shule, waliochukua nafasi ya wakaguzi, wameelekezwa kuisaidia shule ijitathmini yenyewe, na mwelekeo huo ni bora kuliko ule tuliokulia. Nawaomba wakija wapite kabla na wapite baada, kwa maana ziara moja haiwezi kuonyesha mabadiliko.

Na mahali pa kuyauliza haya papo tayari. Mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Sehemu nyingine mkutano huo ni karatasi ya mahudhurio tu. Nilikaribishwa kwenye mmoja katika shule iliyo juu milimani, upande wa baridi, na pale niliona kazi.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amefundisha sehemu za ua kwa picha ya kwenye kishikwambi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Alikizungusha dawati kwa dawati, kipindi kikaisha kabla hakijafika safu ya nne. Alilieleza hilo mbele ya wenzake, akaweka madaftari mezani. Ya mbele yalikuwa na ua lenye stameni na pistili. Ya nyuma yalikuwa na kitu mfano wa mwavuli.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akanigeukia kwa heshima, "ninyi mngefanyaje enzi zenu?"

Nikamjibu kwamba tungechora kwenye manila, lakini tungelichora vibaya, kwa sababu picha ya kuigiza hatukuwa nayo. Binti mmoja, mwalimu wa darasa la tatu, akadakia: basi picha itoke kwenye kishikwambi, ichorwe kwenye manila kubwa, na kila dawati lichume maua ya maboga liyapasue lenyewe. Maboga yalikuwa yamechanua kote mlimani. Kifaa kingemfundisha mwalimu usiku, na asubuhi kingebaki ofisini bila mtu yeyote kukosa somo. Mwalimu wa Kiswahili alipinga. Alisema watoto nao wana haki ya kukigusa, kwani wakifika sekondari watakutana na kompyuta kama mgeni. Walibishana kwa muda, bila hasira, wakakubaliana makundi ya watoto kumi yakitumie kwa zamu baada ya masomo, kuanzia na waliokaa nyuma.

Bando la mwezi lilikuwa limechangwa na walimu wanne. Mwalimu mkuu aliyaandika yote katika daftari la jumuiya, pamoja na majina ya watoto kumi ambao madaftari yao yangeletwa mkutano unaofuata. Fomu ya vifaa ilikuwa pale mezani, imejazwa. Haikuwa na nafasi ya mambo hayo, nikamshauri ayaandike nyuma ya karatasi. Akaigeuza, akaanza kuandika.