Kofia ya Mzungu na Kichwa cha Mtoto Wetu

Asubuhi moja tuliondoka Ng'ambo, mjini Tabora, akina mama watano pamoja na watoto, tukashika njia ya Kwihara. Huko ipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872.

Tulipopumzika chini ya mwembe, mwenzetu mmoja alitoa picha ya kuchorwa ya mkutano wao wa Ujiji, wa mwaka 1871. Stanley ameinua helmeti yake kusalimu. "Mama, mbona huyu ameshika bakuli?" aliuliza binti wa mwenzetu, mtoto mwenye ualbino. Tulicheka, kisha tukamweleza.

Helmeti za namna hiyo Waingereza waliziita sola topi, jina walilolipata India. Topi kwa Kihindi ni kofia. Sola si jua, kama wengi walivyodhani; ni mmea wa majimaji wenye moyo mweupe, mwepesi kama wa bua la mtama. Moyo huo ulibandikwa tabaka kwa tabaka, ukafunikwa kitambaa. Maneno mengine ya huko, kama gari na chapati, tumeyafanya yetu, topi halikukaa.

Wazungu waliamini kwamba jua letu hupenya fuvu na kuharibu ubongo. Hata watoto wao hawakutoka nje bila topi. Baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945 kofia hizo ziliachwa taratibu. Ilieleweka kwamba kinachoangusha mtu ni mwili kuzidiwa na joto na kukosa maji.

Lakini kwa binti yule hofu ya jua si ushirikina. Ngozi yake haina rangi ya kutosha kuikinga; jua huiunguza, na baada ya miaka huweza kuleta saratani. Mama yake alitusimulia kuwa shuleni aliwahi kuvuliwa kofia kwa sababu si sare. Alirudi nyumbani shingo imebabuka. Sote tulinyamaza.

Mama mwenzetu, kama unaye mtoto wa namna hiyo, mvishe pama inayofunika masikio na shingo, na nguo ya mikono mirefu. Mtafutie mafuta ya kukinga jua. Kisha nenda ukaonane na mwalimu wake, na kama unaogopa kwenda peke yako, tuite jirani zako. Sisi tulikwenda watano. Siku hizi binti anaingia darasani na pama yake.