Watu 17, bandari tatu: familia ya Uvira kwenye meli ya Karibi

Ugomvi ulianzia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, mwezi wa tisa 2024, miezi mitatu kabla ya safari. Meli yenyewe ilikuwa imekwisha kulipwa. Watoto sita wa mama mmoja mzee wa Uvira, ambao leo wanakaa Houston na Abilene katika jimbo la Texas, walichanga pesa mwaka mzima ili mama yao atimize miaka 70 akiwa baharini. Pamoja na wakwe, wajukuu na baba mdogo mmoja, hesabu ilifika watu 17. Wangekuwa 19, lakini mkwe mmoja aliyefika Marekani 2023 hakuwa bado na pasipoti, na hati yake ya kusafiria ya mkimbizi ilichelewa kutoka. Alibaki Abilene na mtoto mchanga.

Meli ingetoka bandari ya Galveston, si mbali na Houston, ikazunguka siku saba na kusimama mahali patatu: Falmouth nchini Jamaika, George Town kwenye kisiwa cha Grand Cayman, na Cozumel nchini Meksiko.

Mtu ambaye hajapanda meli za namna hiyo anaweza kufikiri kwamba ukishalipa umemaliza. Sivyo. Pesa ya meli ni ya kitanda, chakula na muziki wa usiku. Ukitaka kutembezwa nchi kavu, kila bandari ina orodha yake na kila jambo lina bei yake. Kupanda maporomoko ya maji, kuogelea na samaki, kuona magofu, kuteleza juu ya miti ukining'inia kwenye waya, hata kupelekwa tu ufukweni na kupewa kiti. Bandari moja inaweza kuwa na matembezi zaidi ya 30, na kila moja ina saa yake ya kuondoka, umri wake na alama ya kuonyesha kama ni jepesi au gumu kwa mwili.

Kazi ya kupanga ilimwangukia binti wa pili, anayetunza wazee katika nyumba moja ya Houston. Alichaguliwa kwa sababu ana daftari na ana subira. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa rahisi: wote waende pamoja, kila mahali. Kaka mkubwa alilipokea kwa furaha. Alisema familia ilitoka Uvira pamoja, ikakaa kambi ya Nyarugusu pamoja karibu miaka 20, basi haiwezi kutawanyika kwa ajili ya maporomoko.

Maneno mazuri, lakini daftari lilikataa. Vijana walitaka Dunn's River, maporomoko ambayo watu hupanda wameshikana mikono kama mnyororo, urefu wa mita 180 hivi juu ya mawe yenye maji. Mama mzee ana magoti mabovu. Mjukuu wa miaka miwili haruhusiwi kwenye waya, na shemeji mmoja alipita kilo zinazoruhusiwa, jambo ambalo lilitangazwa kwenye grupu na mkewe mwenyewe, kwa kosa. Baba mdogo aliandika kwamba yeye hatalipa hata dola moja ili kuona maji, kwa sababu amezaliwa kando ya ziwa Tanganyika na maji ameyaona.

Siku tatu walivutana. Binti wa pili alituma orodha yenye bei: dola 89 kwa mtu mzima kwa maporomoko, dola 70 kwa samaki, dola 110 kwa magofu ya Tulum. Alisahau kitu kimoja. Ndani ya grupu hiyo yumo pia mdogo wa mama mzee, aliyebaki Uvira. Nyumba yake ya upande wa Kavimvira iliingiliwa na maji wakati ziwa lilipopanda mwezi wa nne mwaka huo, na tangu hapo anapanga chumba kimoja juu kidogo, pamoja na wajukuu wanne. Yeye huwa haandiki mara nyingi. Usiku huo aliandika:

“Samahani watoto. Hiyo dola 89 ni ya mutu moja ao ni ya jamaa yote?”

Hakuna aliyejibu mpaka kesho yake. Aliuliza bila ubaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Kaka mmoja alipendekeza kimya kimya wafungue grupu nyingine ya safari, bila mama mdogo. Binti wa pili alikataa. Alisema kama kuna bei ambayo wanaona haya kuiandika mbele ya mama mdogo, basi bei hiyo waifikirie tena, wasimfiche mtu.

Wakaifikiria tena. Hawakufuta safari, na haingesaidia kitu, maana pesa ya meli hairudishwi ovyo. Walikubaliana kwamba kila mtu mzima achague tembezi moja tu la kulipia katika bandari zote tatu. Kwingine watatembea kwa miguu. Kilichobaki, dola 640 kwa hesabu ya daftari, kilitumwa Uvira kwa kodi ya chumba na karo ya watoto wawili. Baba mdogo, aliyekuwa amekataa kulipa chochote, alichangia 40. Alisema hiyo si ya maji.

Jambo jingine lililojadiliwa lilikuwa kama wanunue matembezi kwenye meli au wajitafutie wenyewe bandarini. Kwa kundi kubwa, kukodi basi dogo la mtu binafsi mara nyingi ni rahisi kuliko kulipa kichwa kwa kichwa, na dereva atasimama mnapotaka. Lakini kuna hatari yake. Ukiwa kwenye tembezi la meli na basi likachelewa, meli hukungoja, au wenye meli hutafuta njia ya kukufikisha bandari inayofuata. Ukiwa na dereva wako mwenyewe, meli huondoka, na tikiti ya kuifuata unajinunulia. Pia meli ikishindwa kuingia bandarini kwa sababu ya mawimbi, pesa ya matembezi yake hurudishwa. Ya mtu binafsi, inategemea mlivyopatana. Binti wa pili aliweka kanuni yake: kwa mahali pa mbali wanunue kwa meli, kwa mahali pa karibu wajitegemee. Kanuni ilikuwa nzuri. Aliyeivunja atasimuliwa chini.

Falmouth vijana wanne walikwenda Dunn's River kwa basi la meli, zaidi ya saa moja kwenda. Waliobaki walitembea mjini bila kulipa. Falmouth ni mji wa zamani wa sukari, ulioanzishwa 1769, na nyumba za wakati ule bado zipo. Mjukuu mmoja anayesoma chuo aliwapeleka kwenye kanisa la Kibatisti lenye jina la William Knibb, mmisionari Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa nane 1838, siku ya uhuru kamili wa watumwa wa Jamaika, Knibb na waumini wake walifanya maziko. Ndani ya jeneza walitia mnyororo, mjeledi na kola ya chuma ya shingoni, wakavizika.

Mama mzee alitaka aelezwe mara mbili. Akauliza watumwa hao walitoka wapi. Kijana akamwambia wengi walitoka Afrika ya magharibi, wengine Kongo, na kwamba hata baada ya uhuru Waingereza walileta Jamaika watu waliokamatwa kwenye meli za watumwa, wakawafanyisha kazi kwa mkataba. Upande wa mashariki wa kisiwa, St Thomas, kungali na ngoma inayoitwa Kumina yenye maneno ya Kikongo. Mama alisema tu, “Nao walivuka maji.” Kisha akaomba akae kidogo. Walikaa pale zaidi ya saa moja. Vijana wa maporomoko walirudi wamelowa na wakicheka, na wakakasirika kidogo kusikia walichokosa.

Shida ilikuwa George Town.

Pale hakuna gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa boti ndogo mpaka pwani. Jambo hilo liliandikwa kwenye orodha kwa neno moja la Kiingereza, na binti wa pili alilipita bila kulitilia maanani. Mama mzee alilijua asubuhi ileile, alipochungulia dirishani akaona pwani iko mbali.

“Mimi mu boti kadogo siingii tena,” alisema. “Muende. Nitabaki.”

Watoto wake wakubwa walielewa bila kuelezwa. Mwaka 1996, Uvira ilipoanguka mikononi mwa waasi, familia ilishuka kusini kwa miguu mpaka pwani ya Fizi, na kutoka huko ikavuka ziwa usiku kwenda upande wa Kigoma. Boti ilikuwa ya mbao na watu walikuwa wengi kupita kiasi. Katikati ya ziwa maji yalianza kuingia. Baba yao, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akitoa maji kwa sufuria. Mizigo ilitupwa. Kilichotokea baada ya mizigo kutupwa, mama huyo hajawahi kuwasimulia watoto wake mpaka mwisho.

Kaka mkubwa alisema basi wote wabaki melini. Mama akamkatalia kwa ukali. Watu tisa walikuwa wamelipia kwenda Stingray City, mahali penye fungu la mchanga ambapo maji humfika mtu kiunoni na samaki aina ya taa, wale bapa wenye mkia mrefu, huja kula mikononi. Husemwa kwamba samaki hao walizoea watu kwa sababu wavuvi walikuwa wakisimama pale kusafisha samaki wao. Wajukuu walikuwa wameisubiri siku hiyo kuliko zote. Tisa wakaenda. Mjukuu wa miaka 15, ambaye hakuwa amelipia kitu, akasema atabaki na bibi.

Baada ya kifungua kinywa mama mzee alimwomba ampeleke chini, kwenye mlango wa kushukia. Si kwa kupanda, alisema, kwa kuangalia tu. Walisimama kando. Boti haikuwa kama alivyodhani. Ilikuwa na paa, na viti vya kukaa zaidi ya watu 100. Alimtuma mjukuu amuulize mfanyakazi wa meli boti ile inabeba wangapi. Yule akawaonyesha namba iliyoandikwa ubavuni. Akauliza majaketi ya kuelea yako wapi. Akaonyeshwa.

Kisha akaanza kuhesabu. Boti ya kwanza alihesabu watu wakiingia, na ya pili, na ya tatu. Mjukuu anasema bibi alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, na wazungu waliokuwa kwenye mstari walidhani ni mfanyakazi wa mlangoni. Hakuna boti iliyopita namba yake. Ya nne ilipofika alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia.

Huko George Town hawakufanya chochote cha maana. Walikaa kwenye benchi karibu na maji, wakala aisikrimu, wakaangalia kuku wanaotembea ovyo mjini. Baada ya saa moja wakarudi. Waliotoka kwa taa, wakiwa na picha zao, walimkuta mama amekaa kwenye sitaha, na mwanzoni hawakuamini.

Cozumel inatosha kusimuliwa kwa kifupi. Baba mdogo, na kaka mmoja na mkewe, waliacha kanuni ya daftari wakapanda feri wao wenyewe kwenda Playa del Carmen, ng'ambo, kama dakika 45. Abiria walitakiwa wawe melini saa tisa na nusu. Kuanzia Jamaika meli ilikuwa imesogeza saa moja mbele ya Texas, na iliacha hivyohivyo, kwa kuwa Cozumel nayo katika mwezi wa kumi na mbili iko saa moja mbele. Saa ya mkononi ya baba mdogo ilibaki ya Houston, na simu za wengine zilikuwa zimezimwa ili zisile pesa. Mtu wa Uvira anajua vizuri kwamba saa ya Kinshasa si saa ya kwao, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka. Waliposhuka kwenye feri saa ya baba mdogo ilionyesha saa nane na dakika tano. Dereva wa teksi ndiye aliyewaonyesha saa ya kweli. Waliingia melini wakiwa wa mwisho, wamevaa makofia ya majani, huku binti wa pili amesimama kwenye sitaha na daftari lake, hasemi neno.

Baba mdogo anadai mpaka leo kwamba zilikuwa zimebaki dakika nyingi.

Waliporudi Galveston na simu zikawaka, picha zote zilitumwa kwenye grupu mara moja. Kulikuwa na za maporomoko, za taa, za kanisa na za makofia. Mama mdogo wa Uvira aliziacha zote akajibu moja tu, ile ya dada yake akiwa kwenye boti, viatu mkononi. Alituma sauti:

“Yaya, mulikuwa wangapi mule ndani?”

Mama mzee akashika simu ya mjukuu, akabonyeza mwenyewe. “Kila mutu na kiti yake,” alisema. “Nilihesabu.”